Albamu Inayokufukuza Sebuleni: Jinsi ya Kuisikiliza Duma

Swali hili limekuwa likinijia kwa sura nyingi. Mwanafunzi wa chuo anasema rafiki zake wanaisifu albamu ambayo yeye hawezi kumaliza nayo hata wimbo mmoja. Mzazi anataka kujua kijana wake anasikiliza nini chumbani usiku. Mpenzi wa rumba, mtu mzima aliyesikiliza muziki maisha yake yote, anauliza kama masikio yake yamezeeka. Wote wanataka kujua jambo moja: hiki kinachosikika kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mafuta, wenzetu wanasikia nini ndani yake?

Nitajibu kwa albamu moja tu. Muziki wanaouulizia ni metali kali; ina matawi mengi, na ushauri wa jumla humwacha mtu pale pale alipokuwa. Nimechagua albamu ya kundi la Duma, yenye jina hilo hilo la kundi, iliyotoka Agosti 2020. Imefanywa na Wakenya wawili, imerekodiwa Kampala, na ni miongoni mwa rekodi kali na za kijasiri kuliko zote zilizowahi kutoka ukanda huu wetu. Naipenda sana. Naamini pia kwamba wengi walioizima baada ya nusu dakika waliisikiliza vibaya, na hilo linarekebishika.

Ushauri wangu wote umesimama juu ya jambo moja: usijaribu kuusikia muziki huu wote kwa mpigo. Chagua kitu kimoja ndani yake, kifuate mpaka mwisho, halafu rudi uchague kingine.

Albamu yenyewe, kwa ufupi

Kwenye albamu hii Duma ni Martin Khanja, anayejulikana kama Lord Spikeheart, kwenye sauti, na Sam Karugu kwenye gitaa na utayarishaji. Walitokea kwenye bendi za metali za Nairobi, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, wakaungana mwaka 2019. Karugu, aliyekuwa mpigaji wa gitaa la besi, aliliweka kando akashika kompyuta. Katikati ya mwaka huo walikaa miezi mitatu wakirekodi katika studio za Nyege Nyege, lebo ya Kampala iliyojijengea jina kwa muziki wa dansi wa kasi wa Afrika Mashariki. Jina la kundi wamelitoa kwenye Kikuyu, na maana yake ni giza. Si yule mnyama.

Kuna nyimbo 9. Hakuna mpiga ngoma, kazi hiyo imefanywa na mashine. Ndani yake kuna metali, kuna panki, kuna kelele za mitambo, na kuna midundo ambayo ungeweza kuikuta klabu saa tisa za usiku.

Kabla hujabonyeza

Nusu ya malalamiko ninayopokea hayahusu muziki. Yanahusu kifaa. Basi anza hapa:

- Usitumie spika ya simu. Haiwezi kutoa besi. Utasikia mkwaruzo wa juu peke yake, na huo ndio unaoumiza. Tumia hedifoni za kufunika masikio, au redio yenye spika za kueleweka.
- Tafuta faili safi. Wimbo uliobanwa mara tatu ukarushwa WhatsApp umeshapoteza vipande vyake. Kwa sauti ya mwimbaji na gitaa kavu hasara hiyo haisikiki sana. Kwa muziki uliojaa kelele kila kona, unabaki na mvurugo usio na kingo. Kama unasikiliza mtandaoni, zima ile hali ya kuokoa data kwa muda huo, hata kama bando linauma. Ukiweza, inunue Bandcamp, lebo yenyewe inauza huko.
- Zima ekwalaiza. Hasa kile kitufe cha kuongeza besi. Kitafunika kila kitu kingine.
- Usisikilize kwenye matatu au daladala. Injini na muziki wa dereva vitakula nusu ya unachotafuta, nawe utapandisha sauti kushindana navyo.

Onyo kuhusu sauti kubwa

Hili nalisema kwa uzito, kwa sababu masikio yakiharibika hayarudi.

Shirika la Afya Duniani linashauri usivuke asilimia 60 ya uwezo wa kifaa chako. Kwa upande wa kazini, kipimo kinachofuatwa na wataalamu wengi ni desibeli 85 kwa saa 8; kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama unakatwa nusu. Ukifika desibeli 100 umebakiwa na dakika 15.

Muziki wa aina hii una hatari yake ya pekee. Hauna vituo vingi vya ukimya ambapo sikio lingepumua, na baada ya dakika chache sikio linazoea, unahisi kama sauti imeshuka, mkono unakwenda kuipandisha. Usiipandishe. Weka kiwango mwanzoni, tena chini kidogo ya unavyotaka, kisha weka simu mbali na mkono. Masikio yakibaki yanalia baada ya kusikiliza, umepitiliza. Pumzika siku hiyo na inayofuata.

Kuna anayedhani kwamba metali isiyopasua kichwa si metali. Si kweli. Mpangilio wa albamu hii unasikika vizuri kabisa kwa sauti ya wastani, na kwa kusoma tabaka zake ndiyo sauti inayofaa zaidi.

Usikilizaji wa kwanza: wimbo mmoja

Usianze na albamu nzima. Chukua "Lionsblood". Kaa chini, usishike kazi nyingine, usisome ujumbe. Usitafute uzuri, wala usijilazimishe kupenda. Ukifika mwisho, andika mambo matatu:

1. Wapi ulitaka kuzima?
2. Wapi ulishtuka?
3. Ni sauti gani moja ambayo bado unaikumbuka?

Jibu la tatu ndilo mlango wako. Inaweza kuwa mgurumo fulani wa besi, yowe moja, au kimya kidogo kati ya vishindo. Kitu kimekushika hata kama hukukipenda, na kesho utaanzia hapo.

Kisha simama. Usirudie siku ile ile. Wengi hurudia wimbo mara nyingi mfululizo wakidhani wataupasua kwa nguvu. Sikio linachoka, na sikio lililochoka halibagui sauti.

Shika ngoma kwanza

Kesho yake, ukishaitafuta tena ile sauti uliyoikumbuka, geukia ngoma. Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Katika metali kali kuna upigaji uitwao blasti: ngoma ya mguu na ngoma ya mkono zinapishana kwa kasi ambayo sikio linakaribia kuisikia kama mfululizo mmoja. Mick Harris wa kundi la Napalm Death, la Birmingham huko Uingereza, ndiye anayetajwa kuupa upigaji huo jina, na albamu yao *Scum* ya mwaka 1987 ndiyo iliyoutangaza. Duma wameuchukua wakaukabidhi kwa mashine, na mashine haichoki.

Kosa la msikilizaji mpya ni kujaribu kukimbia nayo. Anahesabu kila pigo, anazidiwa ndani ya sekunde tano, anasema ni fujo. Fanya hivi badala yake:

1. Puuza mapigo ya kasi. Yaache yapite. Subiri kitu kinachojirudia polepole chini yake: besi nzito, kishindo kinachokuja kila baada ya muda ule ule, au hata sauti ya mwimbaji inayoanguka mahali pale pale.
2. Tikisa kichwa ukifuata kitu hicho cha polepole. Kichwa tu au bega. Mwili unajua kabla ya akili.
3. Kasi ikirudi, usibadilishe mwendo wako. Endelea na ule wa polepole. Mara nyingi utagundua kwamba mapigo yote yale yamejipanga ndani ya hatua zako.
4. Ngoma zikikatika, endelea kuhesabu moyoni. Angalia kama zinaporudi mnakutana. Mkikutana, umeshaingia.
5. Msipokutana, usikasirike. Kuna sehemu ambazo mwendo wenyewe umehamishwa kwa makusudi. Anza upya kwenye hatua ya kwanza.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana faida hapa ambayo wengi hawaitumii. Kama umewahi kucheza singeli, ule muziki wa kasi wa Dar es Salaam, kwenye kigodoro, sherehe ya mtaani, mwili wako umeshajifunza somo hili. Singeli hukimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, na hakuna mchezaji anayefuata kila pigo. Kiuno kinashika mwendo wake, mashine inafanya vurugu zake juu. Na uhusiano huu si wa kubahatisha. Lebo iliyotoa Duma ndiyo iliyotoa *Sounds of Sisso* mwaka 2017, mkusanyo wa singeli kutoka studio ya Sisso iliyoko Mburahati, Dar es Salaam, na baadaye *Poaa* ya Bamba Pana na *Tatizo Pesa* ya Jay Mitta.

Zoezi ninalowapa watu: sikiliza wimbo mmoja wa Jay Mitta ukitikisa kichwa, halafu bila kupumzika weka "Lionsblood" na uendelee kutikisa. Itakubidi urekebishe mwendo kidogo, lakini hofu ya kasi itakuwa imekwisha. Kama singeli haikuvurugi, basi kasi ya Duma siyo iliyokukimbiza. Kilichokukimbiza ni hasira yake. Singeli inakuja na utani na MC anayekuita ucheze. Hapa hakuna anayekuita. Hasira ndiyo unayohitaji kuizoea, na hiyo inahitaji siku kadhaa tu.

Kisha ifuate sauti ya mtu

"Sielewi hata neno moja." Hili ndilo pingamizi la kwanza kwa kila msomaji, na nalielewa. Lakini tumekua tukicheza rumba ya Kongo kwenye harusi za watu ambao hawajui Kilingala. Kutoelewa maneno hakujawahi kutuzuia. Tofauti ni kwamba mwimbaji wa rumba anakubembeleza, na Lord Spikeheart hakubembelezi. Msikilize kama unavyosikiliza tarumbeta.

Waimbaji wa namna hii hawapigi kelele ovyo. Wengi hutumia mikunjo iliyo juu kidogo ya nyuzi za sauti, pamoja na pumzi inayosukumwa kutoka tumboni, ili mkwaruzo utoke bila kuzichana nyuzi zenyewe. Ni ufundi unaofundishwa. Melissa Cross, mwalimu wa sauti wa Marekani, amejulikana kwa kuwafunza waimbaji wa metali kazi hiyo.

Usikilizaji huu ufanye kwa maswali:

- Anaunguruma chini au anapiga yowe juu? Anabadilisha wapi?
- Yuko karibu na sikio lako au mbali, kama aliye mwisho wa ukumbi?
- Anavuta pumzi wapi? Ukizisikia pumzi, ghafla kuna mtu mbele yako, na mambo yanabadilika.
- Anaipanda ngoma au anaipinga?

Onyo: usijaribu kuiga nyumbani bila mwalimu. Koo likianza kuwasha au sauti kukauka, acha mara moja. Watu wamepoteza sauti kwa wiki nzima kwa kufurahia wimbo mmoja bafuni.

Mwisho, kelele zenyewe

Ukishakuwa na ngoma na sauti mkononi, zilizobaki ni kelele, na hapo ndipo ubunifu wa Karugu ulipo. Gitaa lake limechakatwa hadi ni vigumu kujua ni waya au ni kompyuta. Usipoteze muda kutafuta jibu. Uliza kelele inafanya kazi gani: inaifunika ngoma, inaisukuma, au inajitoa na kuiacha uchi? Inaingia kutoka kushoto au kulia? Inapanda au imesimama palepale ikisubiri?

Kwa maoni yangu nguvu ya albamu hii iko zaidi kwenye ngoma na sauti kuliko kwenye gitaa. Msikilizaji aliyezoea metali ya magitaa, anayesubiri solo, atasubiri bure. Ajiandae.

Baada ya kuupitia wimbo mmoja kwa njia hizi tatu, siku tofauti tofauti, ndipo uiweke albamu nzima kuanzia "Angels and Abysses" bila kuruka. Haifiki saa moja. Sasa acha kazi ya kufuata kitu kimoja, usikilize tu.

Onyo jingine, la moyo

Wimbo wa mwisho una jina linalotaja kujiua, na hali ya albamu nzima ni ya giza. Kwa wengi wetu muziki mzito unapunguza mzigo. Mtu anamaliza kusikiliza akiwa mwepesi. Lakini si kila mtu, wala si kila wakati. Kama umefiwa juzi, au una mawazo ya kujidhuru, iache albamu hii kwa sasa na uzungumze na mtu unayemwamini, au nenda kituo cha afya. Itakusubiri.

"Lakini huu si muziki wa shetani?"

Sitalipita swali hili haraka, kwa kuwa wanaoliuliza hawatanii. Wengi ni watu wa kanisani au msikitini, na wanastahili jibu la kweli.

Ni kweli kuna waliofanya maovu. Huko Norway mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa metali nyeusi walichoma makanisa, na mmoja wao, Varg Vikernes, alihukumiwa mwaka 1994 kwa mauaji na uchomaji huo. Kuficha historia hiyo hakumsaidii mzazi.

Ni kweli pia kwamba ukali wa sauti si mali ya imani yoyote. Mortification wa Australia walikuwa bendi ya Kikristo iliyopiga metali ya kifo, na mwaka 1994 Mwaustralia mwenzao, Jayson Sherlock, alitoa albamu ya metali nyeusi ya Kikristo kwa jina la Horde. Mngurumo ule ule, ujumbe mwingine kabisa.

Duma nao wamecheza na ishara hizi. Kuna wimbo wao unaoitwa "Pembe 666", na hawakuchagua namba hiyo kwa bahati mbaya. Metali imekuwa ikitumia picha za kutisha tangu Black Sabbath walipotoa albamu yao ya kwanza mwaka 1970, mara nyingi kwa namna ile ile ambayo hadithi za usiku hutumia majini na mazimwi. Ushauri wangu:

- Kama jina au picha ya jalada inakukwaza kiimani, usisikilize. Hakuna mtu mwenye haki ya kukulazimisha.
- Kama wewe ni mzazi, sikiliza wimbo mmoja pamoja na mwanao kabla ya kukataza. Muulize anapenda nini ndani yake. Jibu lake litakueleza zaidi ya jalada.
- Angalia mwenendo wa mtoto, siyo rangi ya fulana yake. Anakula? Analala? Ana marafiki? Anasoma? Hayo ndiyo ya kuangalia, kwa mpenda metali na kwa mpenda bongo fleva.

"Mashine imepiga. Wao wamefanya nini?"

Wanaouliza hivi mara nyingi ni wapiga vyombo. Jibu fupi: wamefanya kilichofanywa na wakubwa waliowatangulia. Godflesh wa Birmingham, Justin Broadrick na G. C. Green, walitumia mashine badala ya mpiga ngoma, na albamu yao *Streetcleaner* ya mwaka 1989 inaheshimiwa hadi leo kote kwenye metali. Meshuggah wa Sweden, wenye mmoja wa wapiga ngoma bora duniani, walitumia ngoma za kompyuta kwenye *Catch Thirtythree* ya mwaka 2005 kwa kuamua. Mashine inapiga ilichoambiwa. Kuiambia ndiyo kazi.

"Si muziki wa Wazungu?"

Rock ilizaliwa kutoka kwa Wamarekani weusi, akina Sister Rosetta Tharpe na Chuck Berry. Zambia ilikuwa na rock yake nzito miaka ya 1970, na kundi la WITCH liko kwenye kila orodha. Botswana ina metali ya kifo, na mashabiki wake wa mavazi ya ngozi wamepigwa picha na dunia nzima. Nairobi imekuwa na bendi zake miaka mingi kabla ya Duma. Sitaongeza hapo.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

- Kuanza na albamu nzima, tena usiku wa manane baada ya siku ya kazi.
- Kusoma sifa za wakosoaji kwanza. Unaanza kusikiliza maneno yao badala ya muziki.
- Kuacha icheze nyuma huku ukipika au ukijibu barua pepe. Muziki huu ukiwa nyuma ni usumbufu tu. Unataka umakini wako wote kwa muda mfupi.
- Kuwachezea wageni bila kuwauliza. Utawaudhi, na wewe mwenyewe utausikiliza kwa aibu.
- Kujifanya umeipenda kwa sababu marafiki wameipenda. Hili ndilo baya kuliko yote, maana linakuzuia kusikia ni kipi hasa hukukipenda.
- Kukata tamaa baada ya siku ya pili. Jipe angalau wiki mbili, na siku za kupumzika katikati.

Utajuaje kama imekuingia?

Dalili si kwamba utaiita nzuri. Dalili ni kwamba utaanza kuzitofautisha nyimbo, mmoja mmoja. Mwanzoni zote 9 zilikuwa kelele moja. Sasa unasikia sekunde kumi na unajua ni upi. Dalili nyingine ni kwamba unasubiri sehemu fulani ifike, na ikifika mwili unaitika.

Na isipokuingia? Baada ya kupita njia hii yote una haki ya kusema hapana, na hapana yako ina uzito. Utaweza kusema "ngoma nimezipenda, sauti imenichosha", jambo ambalo yule aliyezima baada ya nusu dakika hawezi kulisema. Niandikieni hata hizo hapana. Nazisoma kwa furaha.

Ukitaka kuendelea

Usizichukue zote kwa pamoja. Moja kwa mwezi inatosha.

- *The Adept*, Lord Spikeheart, 2024. Albamu yake ya peke yake, chini ya lebo yake ya Haekalu. Ameitoa kwa heshima ya Field Marshal Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyefariki Septemba 2023, ambaye anamtaja kama mama wa bibi au babu yake, yaani yeye ni kitukuu. Ukijua hilo, hasira iliyomo utaisikia kwa sikio lingine.
- *Tewari*, Scotch Rolex, 2021. Prodyuza wa Kijapani aliyefanya kazi na wasanii wa Kampala. Lord Spikeheart yumo. Ni nyepesi kidogo, na imeegemea zaidi kwenye dansi.
- *Streetcleaner*, Godflesh, 1989. Polepole na nzito. Nzuri kwa aliyeshindwa na kasi.
- *Scum*, Napalm Death, 1987. Nyimbo 28, mmoja wao wa sekunde moja na kitu. Justin Broadrick wa Godflesh anapiga gitaa upande wa kwanza, kwa hiyo utausikia ukoo.
- *Obscura*, Gorguts, 1998. Wakanada wa Quebec. Hakuna mashine hapa, ni magitaa yanayopindwa hadi hayafanani na magitaa. Iweke mwisho, ni ngumu kuliko Duma.

Ukienda kuusikia jukwaani

Muziki huu ukiwa hai ni kitu kingine, na nakuhimiza uende ukipata nafasi, Nairobi, Kampala au kokote uliko. Nunua vizibo vya sponji vya masikio kwenye duka la dawa kabla ya kwenda. Havizuii muziki, vinaupunguza makali tu. Simama karibu na meza ya fundi mitambo, maana hapo ndipo sauti imesawazishwa vizuri zaidi. Mbele kutakuwa na vijana wanaosukumana. Si ugomvi, na kuna adabu yake: anayeanguka anainuliwa papo hapo na yeyote aliye karibu. Kama hutaki kusukumwa, kaa pembeni na hakuna atakayekuvuta. Vaa viatu vya kufunika vidole. Kila baada ya kundi kumaliza, toka nje dakika kumi masikio yapumue, kunywa maji, kisha urudi ndani.